Mchokozi na Mtani Wake

Mwalimu Aikaruwa Shayo alikuwa analipwa mshahara kwa kazi ya kutukana watu, na asubuhi ile ya Jumanne alikuwa ametukana mpaka koo likamkauka, lakini mwanafunzi wake hakuwa amekasirika hata chembe.

"Sikiliza wewe," alisema, akaegemea meza kwa viganja viwili. "Ninyi Wapare mna wazimu. Kuku wa jirani akivuka uzio, mahakamani! Kuku anakufa kwa uzee kesi haijaisha, na bado mnakata rufaa kwa niaba ya mayai!"

Namkunda Mbwambo, aliyekuwa amekaa ng'ambo ya meza na utepe wa chuma kichwani, alijishika mbavu.

"Afadhali sisi tunaogombania kuku, kuku yupo," alijibu. "Ninyi Wachaga mlima wenu umeota upara mnatazama. Theluji yote mmeuza. Akitokea mnunuzi wa kivuli mtauza na kivuli, halafu mkae hapo mlalamike jua kali."

"Funga domo lako linalonuka makande ya juzi!"

"Ya juzi? Ya wiki iliyopita, tena nimekubakizia."

Taa ndogo iliyokuwa mbele ya ule utepe, kwenye paji la uso, ilibaki nyeupe pe. Ilitakiwa iwe nyekundu tangu mapema. Aikaruwa aliitazama, akataka kufoka, badala yake akajikuta anacheka na yeye. Akakaa kitako, akafuta machozi kwa upindo wa kitenge. Jamani! Miaka yote aliyofanya kazi katika Chuo cha Mkomberi hakuwahi kucheka ndani ya chumba kile.

Chuo hicho kilijengwa baada ya ile miaka ya ukame. Baraza la Mabonde lilikuwa limetangaza kwamba kila kijiji kinachotaka kubaki mlimani lazima kiwe na fundi wake mwenye cheti, wa kuendesha mtambo wa kunasa ukungu na kuugeuza maji. Kijiji kisicho na fundi kinafungiwa bomba, na watu wake wanapakiwa kwenye malori kupelekwa kambini, huko tambarare, kwenye mahema na vumbi. Fundi wa Kirimbwe, kijiji cha akina Namkunda, alikuwa amefariki. Wanakijiji wakamchagua Namkunda kwa kuwa haogopi mashine wala mtu, na Baraza likampa wiki moja ajifunze kila kitu. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Wiki moja! Kozi ambayo zamani ilichukua msimu mzima wa mvua, enzi hizo mvua ilipokuwa na msimu.

Na wiki moja ilitosha, kwa sababu ya hasira.

Mabingwa wa Mkomberi walikuwa wamegundua kwamba ubongo ni mchoyo. Mambo mengi unayoupa, wenyewe unayatupa nje kabla hujafika nyumbani. Lakini ndani kabisa ya kichwa, usawa wa masikio, kuna kijinyama kidogo kama punje ya kunde, na hicho ndicho kinachoamua lipi liwekwe na lipi litupwe. Mtu akiwa ametulia, kunde imesinzia. Mtu akitukanwa tusi la kumchoma, kunde inaamka, damu inachemka, mlango unafunguka, na chochote kitakachosemwa wakati huo kinaingia na kukaa. Utepe wa chuma kazi yake ilikuwa kuushikilia mlango usifungwe upesi. Taa ikiwa nyekundu, mwalimu anamwaga somo lote, na mwanafunzi hatalisahau mpaka anaingia kaburini.

Ndiyo maana walimu wa Mkomberi hawakuitwa walimu huko mitaani. Waliitwa wachokozi, na waliitwa hivyo kwa kutemewa mate. Somo lilikuwa haliingii peke yake. Liliingia limeshikana mkono na tusi na sura ya aliyelitoa, na vyote vilikaa chumba kimoja. Fundi akigusa vali, anamsikia mchokozi wake. Pale sokoni kulikuwa na mama muuza nyanya aliyekuwa amesomea usafi wa matangi kwa Aikaruwa. Mama yule aliwapimia watu wote waliofika kwenye genge lake, ila Aikaruwa akisimama mbele yake alikuwa anafunika nyanya kwa gunia. Aikaruwa alizoea kununua nyanya za kopo.

Sasa mtu atauliza, ilikuwaje Mchaga akapewa kumchokoza Mpare? Huo ulikuwa ujinga wa mtambo. Chuo kilikuwa na mtambo wa kupanga wachokozi, na mtambo ule ulilishwa sauti za zamani za watu wa kila kabila, sokoni, misibani, vilabuni. Ukasikiliza, ukahesabu matusi, ukatoa jibu: Wachaga na Wapare wanachukiana kuliko majirani wote nchini. Hakuna aliyeufundisha mtambo kwamba hao ni watani, na kwamba mtani anakutukana mbele ya mkweo, nawe unampa kiti.

*

"Mbadilishe mtu," Aikaruwa alimwambia mkuu wa chuo, Dakta Lutengano, ofisini kwake mchana ule. "Mpe Mmasai, mpe Mzigua, yeyote. Mimi nikimtukana ananishukuru."

"Utepe umeshawekewa sauti yako tangu Jumatatu," alisema Dakta Lutengano. Alikuwa mtu wa Kyela, mrefu, mwenye tabia ya kuongea huku akisafisha miwani. "Haubadilishwi mpaka kozi iishe. Unalijua hilo, Mama Shayo, wewe si mgeni."

"Basi omba Baraza liongeze muda. Nitamfundisha kwa njia ya zamani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hamjaniharibu."

"Baraza halitoi hata dakika. Malori yameshatengwa. Wanasubiri tu kusikia amefeli." Akavaa miwani, akamtazama. "Kila mtu ana kidonda, Mama Shayo. Huyu wako alifiwa na mtoto. Mwaka ule wa homa, mtoto wa kike. Anza hapo."

Aikaruwa alinyanyuka. "Wewe Dakta, hivi mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Alipata hasara kukuzaa, masikini."

Akabamiza mlango, akatoka. Nyuma yake alimsikia Dakta Lutengano akisema kwamba sauti ileile aipeleke darasani.

*

Siku nzima ya Jumatano Aikaruwa alikiuka kanuni za chuo. Alimvua Namkunda utepe, akampeleka uani nyuma ya jiko, akaazima vyombo kwa wapishi. Sufuria ndilo tangi. Mfuniko ndio vali kubwa. Mwiko uliowekwa pembeni ndiyo koki ya pembeni. Kisha akamwambia hatua moja tu, akanyamaza, akampa ndizi mbichi amenye.

"Ndiyo kusoma huku?" Namkunda aliuliza.

"Menya, wewe. Mikono yako imezoea kupukuchua mahindi tu, jifunze ustaarabu."

Namkunda alipoanza kusahau, Aikaruwa akamuuliza. Namkunda akakuna kichwa, akakosea, akajirudi, akapata. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya zamani, na ilikuwa na akili kuliko mabingwa wote wa Mkomberi. Huwezi kumkaririsha mtu mfululizo ukadhani umemfundisha, umemchosha tu. Unamwacha asahau kidogo, kisha unamtaka akumbuke mwenyewe bila kumwonyesha, na kule kuhangaika kutafuta ndiko kunakokaza fundo. Unachanganya maswali asijue lipi linafuata. Unamwambia akufundishe wewe, nawe unajifanya mjinga. Halafu anakwenda kulala, na usingizi unapanga kila kitu mahali pake, na kesho unaanza tena pale palipolegea.

Jua lilipoanza kupunga, Namkunda alikuwa anaeleza mtambo wa ukungu kuanzia nyavu za juu mpaka bomba la kijijini, huku Aikaruwa akiuliza maswali ya kipumbavu.

"Na presha ikipita mstari mwekundu?" Aikaruwa aliuliza.

"Usiguse vali kubwa. Fungua kwanza koki ya pembeni, ipumue, ndipo ufunge kubwa taratibu. Ukianza na vali kubwa bomba linapasuka na kijiji kinakosa maji."

"Nani kakufundisha?"

"Mchaga mmoja, mzee, mbaya wa sura, anaiba ndizi za chuo."

Wakacheka mpaka wapishi wakachungulia. Aikaruwa aliona raha, tena raha ya kweli, akajiambia kwamba huyu atamwonyesha Dakta. Alikuwa hana mtu wa kucheka naye. Dada zake walikuwa wanaona haya kutaja kazi yake, majirani walimwitikia salamu kwa kidevu. Na hapa alikuwa amekaa na mwanamke anayemtukana kwa mapenzi tangu chai ya asubuhi, akawaza kwamba kozi ikiisha atapanda Kirimbwe kumtembelea, atamkuta yuko mtamboni, watatukanana mbele ya watu mpaka watoto washangae.

*

Alhamisi asubuhi walifanya jaribio kwenye mtambo halisi wa mazoezi. Mtihani wa Baraza haukuwa wa kuulizana maswali ukimenya ndizi. Mtambo ulikuwa unawashwa, king'ora cha kuumiza masikio kinapigwa, na presha inapandishwa kwa makusudi, kwa sababu hivyo ndivyo mitambo inavyoharibika huko mlimani, kwa kelele na ghafla.

Namkunda alianza vizuri. Nyavu sawa, kichujio sawa, pampu sawa. Kisha king'ora kikalia. Sindano ya geji ikapita mstari mwekundu, na Aikaruwa aliuona mkono wa Namkunda ukienda wenyewe, bila kuomba ruhusa, kuishika vali kubwa. Akaifunga kwa nguvu zake zote.

Bomba likapasuka. Maji yakawarukia wote wawili yakawalowanisha kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Naijua!" Namkunda alipiga kelele, maji yakimchuruzika usoni. "Naijua, wallahi naijua! Koki ya pembeni kwanza! Mkono umenitangulia!"

"Najua unaijua."

"Nipe mara nyingine."

Akapewa mara nyingine, na nyingine. Kila king'ora kilipolia mkono ulikimbilia vali kubwa. Hofu ina haraka, na alichokipanda jana kilikuwa bado mche mchanga. Njia ya zamani ingemfikisha, Aikaruwa hakuwa na shaka, lakini ilitaka majuma, na wao walikuwa na mchana mmoja tu. Juu, kwenye kibaraza cha ofisi, Dakta Lutengano alisimama akisafisha miwani.

"Ikiwa hivi kesho," alisema kwa sauti ya kawaida, "Jumamosi malori yanapanda Kirimbwe."

Namkunda alimsikia. Alikaa chini palepale kwenye maji yaliyomwagika. Kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwa na utani wowote mdomoni.

"Kuna wazee kule hawatafika kambini," alisema. "Watafia njiani. Aikaruwa, nifanye unavyotaka. Hayo matusi yenu ya chuo, nipige nayo. Usinionee huruma."

*

Walirudi kwenye chumba cha meza na utepe. Aikaruwa alimfunga utepe mwenyewe, akakaa mbele yake, akamwangalia usoni, akasema jambo alilokuwa ameapa kutolisema.

"Mwanao alikufa kwa uchoyo wako," alisema. "Ulimnyima hata uji, ukasubiri upate wakili. Alipoona ana mama Mpare, akaona bora aende zake."

Namkunda aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumcheza. Aikaruwa aliitazama taa, akiichukia, akiiomba.

Nyeupe.

Namkunda aliinua uso. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, machozi yanamwingia mdomoni.

"Hatimaye mmekuja," alisema.

"Nini?"

"Mmekuja, watani. Mmechelewa, lakini mmekuja." Alifuta pua kwa mkono. "Unajua alizikwaje? Mwaka wa homa barabara zote zilifungwa. Greda la Baraza lilichimba shimo, dereva hakushuka hata chini. Hakuna mtani aliyekuja kulala kaburini akadai alipwe ndipo atoke. Hakuna aliyeiba sufuria ya msiba. Hakuna aliyeiga mwendo wa mwanangu watu wakacheka. Tulikaa tu tunatazamana, kama tumefukia taka. Sikulia, Aikaruwa. Kilio kilikwama hapa. Kimekwama mpaka leo, na wewe umekikwamua. Wewe ndiye umenizikia mwanangu."

Akamshika mkono juu ya meza, akaubana.

"Na wakili alikuwa Mchaga," akaongeza, "ndiyo maana alichelewa."

Aikaruwa aliomba udhuru, akatoka nje.

Alisimama kwenye bomba la uani, akafungua maji, akayatazama yanavyotoka. Aliukumbuka mwaka ule wa homa upande wao. Alimkumbuka marehemu mama yake amekaa kizingitini na dumu la mbege, pombe ya ndizi, lililoanza kuchacha, akiwafokea askari wa kizuizi kwamba watani wanafiwa huko Upare, wanazikana wenyewe kama yatima, na ninyi mmetufungia hapa, mtakuja kuulizwa! Mama yake aliilalamikia barabara ile hadi akafa.

Na hapohapo, maji yakiendelea kumwagika bure, Aikaruwa akalijua tusi. Lilikuwa limebaki moja tu. Tusi lolote ambalo angemtukana Namkunda lingegeuka utani, hata la mtoto limegeuka utani. Jambo pekee lisiloweza kugeuka utani ni kuukataa utani wenyewe.

Ee Mola. Alitaka kwenda kumuuliza, mwenzangu, nikufanyie hivi? Lakini tusi likishatangazwa haliamshi kunde. Alitaka kujiambia kwamba atamweleza baadaye. Lakini alikuwa mchokozi wa siku nyingi, alijua kwamba kunde haielewi maelezo. Kilichoingia mlango ukiwa wazi hakitolewi kwa samahani. Yule mama wa nyanya aliwahi kuelezwa, akaelewa kabisa, akatikisa kichwa kwa upole, kesho yake akafunika nyanya.

Angeweza kumwacha Namkunda afeli, akabaki mtani wake. Wangetukanana kambini, kwenye vumbi, huku wazee wa Kirimbwe wakizikwa na greda.

Akafunga bomba. Akajifuta uso, akakaza kitenge chake vizuri, akarudi ndani.

*

"Bibi Mbwambo," alisema. Hakukaa. "Naomba radhi kwa lugha niliyoitumia tangu Jumatatu. Haikuwa ya heshima."

Namkunda alicheka. "He! Umeenda kunywa nini huko nje?"

"Nasema kwa dhati. Nadhani umenielewa vibaya, na kosa ni langu. Mimi si mtani wako. Kwetu mambo hayo yalikwisha, wazee wamekufa nayo. Niliyosema juu ya marehemu mtoto wako yalikuwa sehemu ya kazi. Niliagizwa niyaseme, nikayasema, nalipwa kwa hayo."

"Acha mchezo, Aikaruwa."

"Sichezi, Bibi Mbwambo. Na kuhusu msiba wenu, usizisingizie barabara. Hatukuja kwa sababu hatukuwa na la kuja kufanya. Kwetu hakuna aliyewataja. Hakuna aliyesema watani wamefiwa. Hatukuwa na habari nanyi." Alisikia sauti yake ikiwa laini na ya adabu, sauti ya karani wa benki. "Pole sana, Bibi Mbwambo. Nakupa pole kama ninavyompa mtu yeyote nisiyemfahamu."

Namkunda alimtazama. Kwanza alisubiri kicheko, akakisubiri sana, akamchungulia machoni kukitafuta. Kisha Aikaruwa akamwona anakoma kusubiri.

Taa ikawa nyekundu. Haikuanza na rangi ya chungwa kama kawaida, iliwaka ghafla na kujaa paji lote la uso.

"Nimekupa mwanangu," Namkunda alisema kwa sauti ndogo. Kiti kikaanguka nyuma yake. "Nimelia mbele yako. Nimekushika mkono. Umeniacha nimzike mwanangu mara ya pili, kwa mshahara?"

"Presha ikipita mstari mwekundu," Aikaruwa alisema kwa sauti ileile ya adabu, "usiguse vali kubwa, Bibi Mbwambo. Fungua kwanza koki ya pembeni."

"Mshenzi! Mshenzi wewe!"

"Ipumue. Kisha funga vali kubwa taratibu. Kichujio kikiziba, zima pampu kabla ya kufungua mfuniko, tafadhali."

Akaendelea hivyo, hatua kwa hatua, tangu nyavu za juu mpaka bomba la kijijini, huku Namkunda akipiga meza, akimlaani kwa Kipare na kwa Kiswahili, na taa ikiwaka muda wote. Hakuruka kitu. Hakupandisha sauti. Alipomaliza alisema, "Asante kwa usikivu wako, Bibi Mbwambo," akatoka, akafunga mlango taratibu.

*

Ijumaa Namkunda alifaulu. Watu wa Baraza walipiga king'ora mara mbili zaidi ya kawaida, wakapandisha presha mpaka geji ikatetemeka, na mkono wake ukaenda kwenye koki ya pembeni bila kusita. Dakta Lutengano alipiga makofi. Alimwambia Aikaruwa kwamba atamwombea nyongeza ya mshahara. Aikaruwa akamwambia hiyo nyongeza ampelekee mama yake mzazi, kama fidia ya kumzaa.

Jumamosi hakuna lori lililopanda Kirimbwe. Kulikuwa na gari dogo tu la kumrudisha fundi mpya nyumbani, na Aikaruwa alilisubiri getini tangu asubuhi. Namkunda alipotokea na begi lake mgongoni, Aikaruwa alimzuia njia.

"Nilikudanganya," alisema, maneno yakimtoka kwa haraka. "Mama yangu alikaa mlangoni na mbege akigombana na askari, apite aje kuwazika. Alikufa akiwataja. Tuliwataja, Namkunda. Tuliwataja kila siku. Ilibidi nikuudhi, hakukuwa na njia nyingine."

"Najua," alisema Namkunda.

"Unajua?"

"Nilijua jana, king'ora kilipolia. Niliona mkono unakwenda kwenye koki, nikajiambia, kumbe alikuwa ananipa maji. Sina kinyongo na wewe hapa." Akagusa paji la uso. "Nimeyafikiria usiku kucha. Kama ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Kirimbwe itakunywa maji kwa ajili yako."

"Basi nitukane."

Namkunda alilitazama gari.

"Nitukane, mwenzangu," Aikaruwa alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi mbele ya dereva. "Mara moja tu. Mlima wangu una upara. Mimi mbaya wa sura. Naiba ndizi. Sema lolote."

Namkunda aliweka begi chini. Alimwangalia Aikaruwa, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Ilionekana kabisa kwamba analitafuta, anahangaika, kama alivyokuwa akihangaika uani siku ile na sufuria na mwiko. Midomo ilicheza. Akajaribu tena. Hakuna kilichotoka.

"Koki nikiishika," alisema mwishowe, "nasikia sauti yako inasema, 'Pole sana, Bibi Mbwambo.' Nitaisikia kila nikifungua maji. Nimetafuta tusi la kukupa tangu alfajiri. Silipati."

Akaokota begi lake. Kisha mwanamke yule, ambaye tangu siku ya kwanza hakuwahi kumwamkia Aikaruwa kwa adabu hata mara moja, alipiga goti kidogo, akainamisha kichwa kama anavyofunzwa kila mtoto mbele ya mkubwa asiyemzoea.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Dereva aliwasha gari. Aikaruwa alisimama pale getini, mikono ikining'inia.

"Marahaba," alijibu, maana salamu ile haina jibu jingine.